Mwaka Tulipong'oa Waya

Mzee Mwadime alizikwa Mghange Ijumaa iliyopita, katika shamba lake mwenyewe, kando ya migomba. Habari ya kifo chake niliipata kwa simu kutoka kwa mchungaji mmoja niliyemfundisha zamani, na sikuanza safari mpaka nilipompigia mtu wa pili akathibitisha, kwa kuwa nina desturi ya kutoiamini habari yenye mdomo mmoja. Nilifika mapema, nikaonyeshwa kiti cha plastiki katika safu ya nne chini ya hema, nikakabidhiwa kijitabu chenye wasifu wa marehemu. Kilikuwa na kurasa nne. Kuhusu kazi aliyoifanya kwa nguvu zake zote za utu uzima, kilikuwa na sentensi moja tu: kwamba aliwahi kutunza wanyama huko upande wa Voi. Nilikuwa bado naitazama sentensi hiyo niliposikia vijana watatu walioketi nyuma yangu wakinong'ona kwa sauti ambayo vijana hudhani wazee hawaisikii.

"Kwani huyu ndiye Mzee wa Kiu?"

"Ndiye. Si aliua punda milia wa Daktari? Aliwanyima maji mpaka wakaisha."

"Wangapi?"

"Wanasema hamsini."

"Wacha uongo! Hamsini wangetoshea wapi?"

"Mimi naambiwa tu. Eti alikuwa amelewa mbangara siku nne mfululizo, akasahau kazi."

"Siku nne! Basi jina walimpa sawasawa."

Wakacheka kwa kuziba midomo, kama watu wanaojua wako msibani. Sikugeuka. Punda milia wale hawakuwa hamsini. Walikuwa kumi na mmoja. Mzee Mwadime hakuonja pombe ya aina yoyote mbele ya macho yangu kwa muda wote nilioishi naye, na sisemi zaidi ya hapo kwa kuwa sikuona zaidi ya hapo. Na aliyewanyima wanyama wale maji hakuwa yeye. Nilikuwa mimi.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Sitaeleza nilikotoka wala nilivyolelewa; inatosha kusema kwamba nilishuka kutoka Ronge nikiwa na vyeti viwili ndani ya bahasha na viatu vya ngozi miguuni, nikiwa nangoja nafasi katika chuo cha ualimu. Mwaka huo wa kungoja niliajiriwa kuwa karani katika hifadhi ndogo ya binafsi iliyokuwa tambarare, ukitoka Voi kuelekea Miasenyi. Mwenyewe alikuwa daktari wa mifugo aliyestaafu, mtu mrefu, mkavu wa maneno, ambaye kila mtu alimwita Daktari na basi. Alikuwa amezungushia kipande cha nyika ua wa waya za umeme wa betri, na humo ndani aliwaweka, kwa kibali cha serikali, wanyama waliomfikia wakiwa wagonjwa au wamefiwa na mama zao: swala pala, mbuni watatu, kobe wasiohesabika, na punda milia ambao wengi wao walizaliwa humo humo na hawakuwahi kujua nyika isiyo na waya. Hapakuwa na mgeni aliyekuja kuwatazama. Jumapili baada ya kanisa Daktari aliketi barazani mwake na darubini, na hiyo ndiyo iliyokuwa starehe yake yote.

Nilipewa chumba kilichokuwa stoo. Nusu moja ilikuwa na matofali ya chumvi ya mifugo na madebe ya dawa ya kuogeshea, na nusu ya pili ilikuwa na kitanda changu cha kamba, meza, na kitabu kikubwa chenye jalada jeusi kilichoitwa Kitabu cha Siku. Harufu ya dawa ile ilikaa katika mashati yangu hata nilipofika chuoni. Kila ukurasa wa kitabu ulikuwa umepigwa muhuri juu kwa maneno haya: Taarifa ya Mtunzaji. Mtunzaji alikuwa Mzee Mwadime, mtu wa Mghange aliyekuwa na umri wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye kofia ya kitambaa ambayo hakuivua ila kanisani. Hakujua kusoma. Kila jioni, jua likiwa bado juu ya vilima, alikuja mezani kwangu, akakataa kiti, akasema aliyoyaona, nami nikaandika.

"Leo nimeona punda milia kumi na mmoja," alikuwa akisema. "Swala nimeona ishirini na wawili. Mbuni nimeona wawili. Wa tatu nimeona manyoya yake."

"Basi niandike mbuni watatu," nilimwambia siku ya kwanza.

"Andika mbuni wawili na manyoya."

"Lakini, Mzee, manyoya yakiwapo, mbuni yupo."

"Manyoya yapo. Mbuni sijamwona. Wewe ulimwona?"

Nikaandika mbuni wawili na manyoya. Kwa mwenye vyeti viwili jambo hilo lilikuwa la kuchekesha, nami nilicheka, ingawa si mbele yake. Leo hii wale waliofanya kazi chini yangu katika ukaguzi wa shule watakumbuka kwamba sikuwahi kupokea hesabu ya madawati kutoka kwa mwalimu mkuu yeyote. Niliingia darasani nikayahesabu mwenyewe, na dawati lisilo na mguu sikulihesabu. Walinisifu kwa hilo nilipostaafu. Mmoja wao alisema katika hotuba kwamba nilizaliwa hivyo. Sikuzaliwa hivyo.

Chakula cha jioni nilikula kwa Mzee Mwadime, katika jiko lake la mabati lililokuwa hatua chache kutoka stoo yangu. Alikuwa mpishi mzuri kuliko wanawake wengi niliowajua, na alijua kwamba ni mpishi mzuri. Jumamosi alipika kimanga, mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja mpaka mwiko ukasimama wenyewe, na alinitazama nikila kijiko cha kwanza kabla ya kuanza kula chake. Baada ya kula alitoa kutoka chini ya godoro barua ya binti yake, Wakesho, aliyekuwa kidato cha pili katika shule ya bweni, nami nikamsomea. Alitaka isomwe mara mbili: mara ya kwanza haraka, ili ajue kwamba hakuna ugonjwa, na mara ya pili polepole. Kisha aliniambia maneno ya kujibu. Hayakuwa mengi. "Mwambie nimesikia amekuwa wa kwanza. Hapana, futa. Mwambie amesema amekuwa wa kwanza, nami nimefurahi. Nikiona ripoti, nitafurahi tena."

Katikati ya mwaka huo Daktari aliamua kuifungua hifadhi kwa umma. Alikodi shamba la katani lililoachwa kando yake, eneo kubwa mara nyingi kuliko lile la mwanzo, akaleta trekta, akachimba bwawa, na mbele ya bwawa akajenga ukuta mfupi wa mawe ambapo wageni wangeegemea na kuwatazama wanyama wakinywa. Kulikuwa na lango jipya, kibanda cha tiketi, na banda la chai. Ua mpya ulizungushwa mbali kabisa, ingawa upande wa barabara kuu ulibaki na pengo mahali ambapo geti la pili lilikuwa bado halijafika. Kisha tukang'oa ule wa zamani. Tulifanya kazi hiyo kwa siku tatu, mimi nikiwa miongoni mwao kwa kuwa mikono ilikuwa michache. Tulikunja waya, tukatoa vigingi, tukafukia mashimo. Jioni ya siku ya tatu hapakuwa na kitu kilichobaki ila nyasi: fupi upande wa ndani zilikoliwa kwa miaka mingi, ndefu upande wa nje. Wafanyakazi walikaa kando kungoja punda milia watoke mbio kuelekea uhuru wao. Punda milia walikuja mpaka mwisho wa zile nyasi fupi, wakasimama, wakageuka, wakatembea kandokando ya mstari ule kana kwamba waya zingali mahali pake.

Nimewahi kukutana na watu wenye elimu wakabisha kwamba jambo hilo haliwezekani. Sibishani nao. Nasema nilichokiona: mnyama mwenye njaa akinyoosha shingo kuelekea nyasi ndefu zilizo hatua moja mbele yake, kisha akirudisha shingo.

"Wewe ukiingia chumbani kwako gizani unajua meza iko wapi," Mzee Mwadime aliniambia. "Nikiiondoa leo bila kukuambia, kesho bado utaizunguka. Hawa wamepigwa na waya tangu utotoni. Itachukua miezi miwili."

Daktari alikuwa na miezi miwili kasoro, lakini alikubali. Birika la saruji la zamani lilikuwa limekwisha kubomolewa kupisha mahali pa kuegesha magari, kwa hiyo Mzee Mwadime alichukua mapipa mawili, akayakata nusu, akapata manne, akayajaza maji ndani ya eneo la zamani. Kila siku ya tatu aliyasogeza hatua ishirini kuelekea kwenye ule mstari. Swala na mbuni walikuwa wamekwisha kuvuka wenyewe kwenda bwawani; punda milia waliyafuata mapipa. Nia yake ilikuwa kuyafikisha mstarini, kuyavusha polepole mno, na kuendelea hivyo hivyo mpaka bwawani. Wafanyakazi walimtania. Mwakio, dereva wa trekta, kijana wa Ronge kama mimi na mwingi wa maneno, alimwita Musa. "Musa, taifa lako litafika Kanaani lini? Sisi tutakuwa tumezeeka!" Mzee Mwadime alijibu bila kugeuka, "Nitakapoliona limefika."

Wiki tatu kabla ya siku ya kufungua, dada yake mkubwa alifariki Mghange. Mapipa yalikuwa yamebakiza hatua arubaini kufika mstarini. Alfajiri ya Jumanne aliyoondoka alinigongea dirisha, amevaa koti.

"Mwanangu, yale mapipa ni mikono yangu. Jaza asubuhi, jaza jioni. Kesho kutwa yasogeze hatua ishirini, si zaidi. Na mtu yeyote akikuambia wamevuka, mshukuru, halafu uende ukaone."

"Nimesikia, Mzee."

"Sijasema usikie. Nimesema uende ukaone."

Saa nne ya asubuhi hiyo hiyo Mwakio alisimamisha trekta mbele ya stoo, akapiga kelele juu ya mngurumo wa injini. "Karani! Andika! Punda milia wako wamevuka!"

"Umewaona?"

"Nimeona alama za kwato zao, zimejaa bwawani kama watu sokoni Voi. Au ulitaka waje wakusalimie hapa ofisini?"

Nilifurahi. Nakumbuka nilifurahi kwa ajili ya Mzee Mwadime, na furaha hiyo ndiyo iliyonifanya nione hakuna haraka ya kwenda. Bwawa lilikuwa mwendo wa zaidi ya nusu saa, jua lilikuwa kali, na siku hiyo wajenzi walikuwa wamechinjiwa mbuzi. Harufu ya nyama ilikuwa imefika mpaka mezani kwangu. Nilijiambia kwamba nitakwenda baada ya kula. Tulipokuwa tukila Daktari alifika kutoka Voi akiwa na ofisa mmoja wa wilaya aliyekuja kukagua lango. Msimamizi wa wajenzi hakumpa nafasi ya kukaa. "Daktari, tunachanganya saruji chini, nusu inaliwa na mchanga. Yale mapipa kule ndani yanafanya nini?"

Daktari alinigeukia mbele yao wote. "Mwadime amesemaje? Wamevuka?"

Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi. Lakini nilikuwa karani, na ofisa wa wilaya alikuwa akinitazama, na kinywani nilikuwa na kipande cha nyama.

"Wamevuka, Daktari."

"Wote?"

"Wote."

Mapipa yaliondolewa kabla ya saa tisa. Jioni nilifungua Kitabu cha Siku, na chini ya yale maneno ya muhuri, Taarifa ya Mtunzaji, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Punda milia wote kumi na mmoja wamevuka na wanakunywa bwawani. Nilipomaliza sikuhisi kwamba nimesema uongo. Nilihisi kwamba nimemaliza kazi.

Sikuenda siku ile, wala siku iliyofuata. Kila mtu alikuwa upande wa lango jipya akipaka rangi, akichora mishale, akipanda maua ambayo yalikauka kabla ya wiki kwisha, na kwa kuwa kitabu kilisema kwamba ndani ya eneo la zamani hamna kitu, hapakuwa na sababu ya mtu kupita huko. Alasiri ya Alhamisi nilisikia mlio wa punda milia. Mlio wao ni kama kubweka kwa mbwa mwenye kikohozi, hauwezi kuuchanganya na mwingine wowote. Ulitoka upande wa kushoto, upande wa zamani. Nilisimamisha kalamu, nikasikiliza, nikajiambia kwamba katika tambarare sauti hurudi kutoka vilimani. Ijumaa niliusikia tena, mara moja tu, na nilikuwa nimekwisha kuwa na maelezo yake.

Mzee Mwadime alirudi Jumamosi adhuhuri. Hakupitia jikoni kwake. Nilimwona akikata moja kwa moja kwenda ndani na koti lake la msibani, nami nikamfuata kwa sababu sikuweza kufanya jingine. Walikuwa kwenye pembe ya mbali, penye miiba. Kwanza niliona njia: njia mpya ya vumbi, imenyooka kama iliyopigwa kwa rula, waliyoichimba kwa kwato zao kwa siku nne wakienda na kurudi kandokando ya waya isiyokuwapo. Kisha nikawaona wenyewe. Watoto wawili walikuwa wamekwisha kufa, na mama zao wamesimama juu yao, vichwa vimeinama mpaka midomo inagusa manyoya. Majike wengine watatu walikuwa wamelala. Kutoka pale walipolala, maji ya bwawa yalionekana yakimetameta.

Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Mapipa yako wapi?" nami nikamwambia. Alikimbia, mtu wa umri ule, mpaka langoni, akamwaga saruji ya wajenzi chini bila kumwomba mtu ruhusa. Saruji iliyokuwa imeganda kwenye kuta za mapipa tuliikwangua kwa majembe. Maji ya kwanza yaligeuka rangi ya majivu tukalazimika kuyamwaga na kujaza tena. Wajenzi walitusaidia, na Mwakio alileta maji kwa trekta, kimya kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Wengine walikunywa wakaanguka. Jua lilipotua walikuwa wamebaki wanne.

Asubuhi ya Jumapili alinipeleka bwawani. Matope ya ukingoni yalikuwa yamejaa alama za kwato, kama Mwakio alivyosema.

"Hizi ni nyayo za nani?"

"Za punda milia."

"Na hizi duara kando yake?"

Nilichuchumaa nikatazama. Zilikuwa alama za madumu ya maji yaliyowekwa matopeni.

"Punda milia hubeba madumu?" akauliza.

Hatukungoja sana. Kabla jua halijapanda, wanawake wanne wa makazi ya kando ya barabara walipita kwenye lile pengo la geti, wakiwaswaga punda wao wenye madumu ubavuni, wakachota, wakatusalimu kwa heshima, wakaondoka. Mwaka ule ulikuwa wa kiangazi na mabomba yao yalikuwa yamekauka. Hawakuwa na kosa. Sisi watu wa milimani hatufugi punda. Mwakio hakujua tofauti ya ukwato mmoja na mwingine, nami sikujua, lakini mimi nilikuwa nimeambiwa niende nikaone, na alama za madumu hata mtoto angeziona.

"Nisomee ulichoandika," Mzee Mwadime akasema tuliporudi stooni. Nikamsomea, pamoja na maneno ya muhuri yaliyo juu. Sikubadilisha neno. Hilo ndilo jambo pekee la siku zile ambalo sioni aibu kulisimulia. Alisikiliza amesimama, kisha akasema, "Soma tena, polepole." Nikasoma tena.

Daktari alituita barazani Jumatatu. Kitabu kilikuwa mezani, kimefunguliwa, na chai yake ilikuwa imepoa bila kuguswa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewapa wanyama wale maziwa kwa chupa kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwadime, ulisema maneno haya kabla ya kuondoka?"

"Sikusema, Daktari."

Daktari akanigeukia. "Alisema au hakusema?"

Barua yangu ya chuo ilikuwa imefika Jumamosi ile ile. Ilitaka ushahidi wa tabia njema kutoka kwa mwajiri. Nilitazama chai.

"Ndivyo nilivyoelewa," nikasema.

Nimekuwa na zaidi ya miaka arubaini ya kuyapima maneno yale mawili, na sijapata mahali palipo na tundu la kutokea. Daktari akamwuliza Mzee Mwadime, "Kama si wewe, nani alimwambia kijana huyu?" Angeweza kunitaja. Angeweza kumtaja Mwakio, ambaye jina lake lilikuwa linajulikana jikoni kote kufikia wakati huo. Alikunja kofia yake mkononi. Ndiyo mara ya kwanza niliyomwona ameivua nje ya kanisa.

"Mimi sikuwepo, Daktari. Siwezi kumtaja mtu nisiyemwona akisema."

Aliondoka Jumatano na sanduku la mbao na sufuria zake. Alinipa mkono. Alisema, "Chuoni usome vizuri," na nikaona kwamba hakuna kejeli ndani yake, na hilo lilikuwa gumu kubeba kuliko tusi.

Siku ya kufungua hifadhi walikuja watu wengi. Kulikuwa na kwaya, watoto wa shule katika mistari, na wazee wa kata wenye suti. Waliegemea ule ukuta wa mawe wakatazama bwawa lisilo na mnyama. Punda milia wanne walionekana mbali sana, wamesimama mwisho wa nyasi fupi, hawasogei. "Mbona hawaji huku?" mwanamke mmoja aliuliza, na mwongozaji aliyeajiriwa wiki ile akajibu kwa kipaza sauti kwamba punda milia ni wanyama wenye haya. Watu wakaitikia kwa vichwa wakaridhika. Kufikia saa za chai tayari nilisikia mezani kwamba mtunzaji wa zamani alikuwa mlevi. Niliyemsikia akisema hivyo hakuwa amewahi kumwona. Nilikuwa na sahani mkononi, na sikusema kitu.

Kutoka Ronge, ambako nimejenga, hadi Mghange ni safari ya asubuhi moja. Sikuifanya. Nilijiambia kwamba amesahau, kisha kwamba amenisamehe, kisha kwamba huenda amekwisha kufa. Mambo matatu ambayo sikuwa nimeyaona kwa macho, nami niliyaamini yote kwa wakati wake.

Ijumaa, mfawidhi wa mazishi aliniita kutoa neno kwa niaba ya waliofanya kazi na marehemu. Nilisimama nikasema niliyoyaandika hapa, kwa ufupi na bila pambo: kwamba marehemu hakuwanyima wanyama maji, kwamba niliyeandika uongo kitabuni ni mimi, na kwamba mbele ya mwajiri nilimwacha abebe kosa langu. Kisha mfawidhi akapokea kipaza sauti. "Mmesikia unyenyekevu wa Mwalimu? Mtu mkubwa namna hii amekubali kujitwika aibu ya rafiki yake mbele ya kaburi! Tumpigie makofi." Wakapiga makofi. Mama mmoja aliyeketi karibu nami alinishika mkono akasema Mungu anibariki kwa moyo huo.

Baada ya mazishi tulipanga foleni ya chakula. Wakesho alikuwa akipakua wali mwenyewe, mwanamke wa miaka sitini hivi, amejifunga leso kiunoni, mikono yake mikubwa ya mtu aliyelima maisha yote. Nilipomfikia hakunyanyua upawa.

"Mwalimu, yale uliyosema ni kweli, au ni maneno ya msibani?"

"Ni kweli. Baba yako hakusema yale. Niliandika mimi."

"Yeye alijua?"

"Alijua. Nilimsomea mara mbili."

Alitazama sufuria. "Tulimwuliza miaka yote. Alikuwa akisema tu, 'Mimi sikuwepo.' Mama alikufa akidhani anaficha kosa lake." Watu walikuwa wakisukumana nyuma yangu, na mtu mmoja alisema foleni isimame vizuri. "Nilitoka shule muhula ule ule," akasema. "Sikurudi tena. Nilikuwa wa kwanza darasani."

Nilitaka kumwambia kwamba sikujua. Ilikuwa kweli, sikujua. Lakini nilikuwa nimeishi miaka hiyo yote nikiwa umbali wa asubuhi moja kutoka kwenye jibu.

Akanyanyua upawa, akanipakulia wali, akaongeza maharagwe, akachagua kipande kizuri cha nyama akakiweka juu, kama anavyopakuliwa mgeni wa heshima.

"Kula, Mwalimu," akasema, akamgeukia aliyefuata.